Wiki ya Kumi na Mbili Mpakani Tunduma

Tunduma ni mji wa foleni. Malori yaliyotoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 nyuma, hujipanga hapa yakisubiri kuvuka kuingia Nakonde, upande wa Zambia, na kutoka huko yaendelee Ndola au Lubumbashi. Tangu 2019 pande zote mbili hufanya kazi katika kituo kimoja cha forodha, na ukaguzi umeingiwa na mashine. Dereva mkongwe wa njia hii anajua jambo ambalo mgeni halijui: lori likiitwa pembeni, halijakamatwa na magendo. Limetiliwa shaka tu. Hufunguliwa, hupekuliwa, na mara nyingi hukutwa safi, likafungwa na kuendelea na safari. Nalo lililopita bila kuitwa, hakuna aliyekula kiapo kwamba ni safi.

Naanza na malori kwa sababu ya foleni nyingine, ile ya kinamama kwenye benchi la kliniki ya wajawazito. Huko nako kuna kutiliwa shaka na kuna kuthibitishwa, na watu wengi, wakiwemo waliosoma, huvichanganya viwili hivyo. Ninachotaka kukieleza ni uchunguzi wa mapema wa mimba unaotafuta dalili za hitilafu za kromosomu, ule unaojulikana zaidi kwa kumtafuta mtoto mwenye sindromu ya Down. Katika nchi nyingi tajiri mjamzito hupewa nafasi ya kufanyiwa kabla mimba haijatimiza miezi mitatu na nusu. Katika mkoa wetu wa Songwe si sehemu ya kliniki ya kawaida. Lakini habari zake zimefika: binti aliyeko Ulaya humpigia simu dada yake Vwawa kumweleza alivyotolewa damu ya kupima vinasaba vya mtoto tumboni, na dada anabaki anajiuliza mbona yeye hakuambiwa kitu.

Tumwazie mama mmoja. Simpi jina kwa kuwa ni wa kufikirika, ila atakayekaa asubuhi moja katika kliniki yoyote kati ya Mlowo na Tunduma atakutana na wenzake. Ana miaka 41 na watoto watano. Anauza sokoni mchele unaopanda kutoka bonde la Kamsamba. Siku zake zilipokatika, alidhani ndio ukomo wa hedhi umebisha hodi. Tumbo lilipoanza kuonekana, ndipo alipokuja.

Nesi anamuuliza lile swali ambalo kila mjamzito nchini amewahi kuulizwa: “Mama, hedhi yako ya mwisho uliiona lini?”

“Mwanangu, tarehe siijui. Mahindi yalikuwa yanapaliliwa.”

Sasa ni katikati ya Mei na mahindi yanakaukia shambani. Nesi anahesabu, anapapasa kimo cha mfuko wa uzazi, anazungusha kigurudumu chake cha karatasi, anaandika kwenye kadi: wiki 19. Kwa mambo mengi ya kliniki, mama huyu hajachelewa mno. Atapimwa damu kama inatosha, malaria, virusi vya Ukimwi, kaswende, mkojo na shinikizo; atapewa vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kukinga malaria na chandarua. Kwa hili ninaloliandika, dirisha moja limeshafungwa, na limefungwa wiki tano zilizopita.

Dirisha hilo ni kati ya wiki ya 11 na wiki ya 13 na siku sita. Katika muda huo mtoto ana urefu wa milimita 45 hadi 84 kutoka utosini hadi makalioni, na nyuma ya shingo yake, chini ya ngozi, pana utando mwembamba wa majimaji unaoonekana kwa altrasaundi. Kila mtoto anao. Ukiwa mnene kupita kiasi, uwezekano wa hitilafu ya kromosomu huongezeka, na uwezekano wa hitilafu ya moyo pia. Aliyelifanya jambo hili lijulikane duniani ni Kypros Nicolaides, daktari mzaliwa wa Cyprus, ambaye pamoja na wenzake katika Hospitali ya King's College jijini London walichapisha matokeo yao mwaka 1992. Baadaye kipimo hicho kiliunganishwa na umri wa mama na viwango vya protini mbili zinazotoka kwenye kondo la nyuma kuingia katika damu yake. Vikijumlishwa, hutambua takriban mimba 90 katika kila 100 zenye sindromu ya Down, na huwaita pembeni bure wanawake watano hivi katika kila 100 ambao watoto wao hawana tatizo hilo.

Hao watano ndio malori yangu.

Mashine peke yake haitoshi. Tofauti kati ya shingo ya kawaida na ya kutiliwa shaka ni sehemu za milimita, na mtoto lazima akamatwe kwenye picha akiwa amelala upande unaofaa, asiwe ameinamisha wala kuinua kichwa. Ndiyo maana wanaopima hufunzwa, hupewa cheti, na kazi yao hukaguliwa tena na tena. Chumba cha altrasaundi chenye kibao barabarani, ambacho wateja wake wengi hufika mimba ikiwa na miezi sita wakitaka kujua kama watanunua nguo za kike au za kiume, hakijawa kituo cha uchunguzi wa kromosomu kwa kuwa tu kina mashine. Mjamzito anayeambiwa hapo kwamba “mtoto yuko sawa kabisa” ameambiwa kwamba moyo unapiga na maji yanatosha. Hilo ni jema. Halina uhusiano na kromosomu.

Kromosomu zenyewe ni nini? Ndani ya kila chembe ya mwili kuna nyuzi 46 zilizobeba vinasaba, 23 kutoka kwa mama na 23 kutoka kwa baba. Idadi hiyo ilijulikana kwa usahihi mwaka 1956 tu, kupitia kazi ya Joe Hin Tjio na Albert Levan huko Sweden; kabla ya hapo vitabu vilisema 48, na wasomi waliendelea kuhesabu 48 kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Miaka mitatu baadaye, 1959, Jérôme Lejeune wa Paris na wenzake Marthe Gautier na Raymond Turpin walitangaza kwamba watu wenye sindromu ya Down wana kromosomu 47: ile ya 21 wanazo tatu badala ya mbili. Jina la Down ni la daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliyeeleza hali hiyo mwaka 1866 na kuipa jina la Wamongolia, jina ambalo serikali ya Mongolia ililipinga na Shirika la Afya Duniani likaliacha mwaka 1965. Siku ya kimataifa ya hali hii ni Machi 21, yaani 21 ya mwezi wa 3, kromosomu ya 21 mara tatu.

Zipo nyingine. Ya 18 ikiwa tatu ni sindromu ya Edwards. Ya 13 ikiwa tatu ni ya Patau. Hizo ni nzito zaidi, na watoto wengi wanaozaliwa nazo hawamalizi mwaka. Uchunguzi wa mapema huzitazama zote tatu.

Kinachosababisha ni ajali ya kugawana. Yai linapokomaa linatakiwa kubaki na nusu ya kromosomu. Safari nyingine jozi moja hugoma kuachana. Hakuna alichokula mama. Hakuna alichokiona njiani, wala aliyemwangalia vibaya. Inafaa kulisema hili waziwazi, maana mtoto wa namna hiyo akizaliwa, macho ya ukoo huenda kwa mama kwanza, na maneno kama taahira na zezeta hayachelewi kufuata.

Umri una mchango wake, na sababu yake kwangu ni mojawapo ya mambo ya ajabu katika elimu ya mwili. Mwanaume hutengeneza mbegu mpya kila siku. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, nayo yalianza kuumbwa angali tumboni mwa mama yake. Maana yake, yai lililokufanya wewe lilikuwemo tumboni mwa bibi yako mzaa mama. Lilianza kugawanyika humo, likasimama katikati ya kazi, likasubiri miaka 20, 30 au 40 kuimalizia. Kadiri linavyosubiri, ndivyo vishikizo vinavyopanga kromosomu vinavyochakaa. Kwa mama wa miaka 20, uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye sindromu ya Down ni kama mmoja kati ya 1,500. Akiwa na 35, mmoja kati ya 350. Akiwa na 40, mmoja kati ya 100. Akiwa na 45, mmoja kati ya 30.

Hapa Tanzania umri huo una sura yake. London, mwanamke wa miaka 41 mwenye mimba mara nyingi anatafuta mtoto wa kwanza au wa pili, na amesoma kila kitu. Kwetu, ambako utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta mwanamke huzaa kwa wastani watoto 4.8, mama wa miaka 41 aghalabu anabeba kitinda mimba. Amezaa mara tano, wote wazima; kwa nini awe na wasiwasi wa sita? Uzoefu unaomtuliza ndio unaomchelewesha. Hata hivyo tusimwelemee yeye peke yake: kwa kuwa wanawake vijana ndio wanaozaa wengi zaidi, watoto wengi wenye sindromu ya Down huzaliwa na mama wasiofika miaka 35.

Kwa jumla ni mtoto mmoja katika kila 700 au 800 hivi wanaozaliwa. Kituo kinachozalisha kinamama kumi kwa siku kitampokea mmoja kila baada ya miezi miwili au mitatu. Si hali adimu kiasi cha kusema haituhusu. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ulikuwa na zaidi ya watu milioni 1.3 katika sensa ya 2022.

Sasa turudi kwenye ile damu ya binti wa Ulaya. Mwaka 1997 Dennis Lo, daktari wa Hong Kong aliyekuwa Oxford, alionyesha na wenzake kwamba katika majimaji ya damu ya mjamzito kuna vipande vya DNA vinavyotoka kwenye mimba. Walivitambua kwa kutafuta alama za kromosomu Y, ya kiume, katika damu ya kinamama waliobeba watoto wa kiume. Lo amesimulia kwamba njia ya kuichemsha ile damu ili kuipata DNA aliifananisha na upikaji wa tambi za paketi. Kufikia 2011 kipimo kilikuwa kinauzwa. Hutolewa damu mkononi tu, kuanzia wiki ya 10 na kuendelea, na kwa kromosomu ya 21 hutambua zaidi ya mimba 99 katika 100. Katika majiji ya Afrika Mashariki hospitali binafsi huweza kuichukua damu hiyo na kuisafirisha nje kwa ndege. Kwa hiyo kwa mama yetu wa wiki ya 19 mlango huu haujafungwa. Uliofungwa ni ule uliohitaji altrasaundi na jicho lililofunzwa. Uliobaki unahitaji pesa ya kigeni na maabara ya mbali. Ndivyo kuchelewa kunavyofanya kazi karibu katika kila kitu cha afya yetu.

Wanaouza kipimo hicho hupenda kulitaja lile 99. Fanya hesabu pamoja nami. Chukua wanawake 10,000 wa umri wa miaka 28 au 30, ambao kwao uwezekano ni mmoja kati ya 1,000 hivi. Kumi wana mimba yenye sindromu ya Down, na kipimo kitawakamata karibu wote. Katika wale 9,990 waliobaki, kipimo hukosea kwa mmoja katika kila 1,000, yaani kumi wengine. Basi waliopewa jibu la kutisha ni ishirini, na nusu yao watoto wao hawana kitu. Rudia hesabu hiyo kwa wanawake 10,000 wa miaka 40: wenye hali hiyo ni 100, waliosingiziwa ni wale wale kumi, na sasa jibu la kutisha ni kweli mara tisa katika kumi. Karatasi ileile, maandishi yaleyale, maana mbili. Isitoshe, ile DNA hutoka kwenye kondo la nyuma, si kwa mtoto mwenyewe, na kondo hutofautiana na mtoto mara mojamoja.

Kwa hiyo jibu la shaka lazima lifuatwe na kufungua kontena. Daktari huchukua kipande kidogo cha kondo kati ya wiki ya 11 na 14, au huvuta kwa sindano maji yanayomzunguka mtoto kuanzia wiki ya 15, na chembe husomwa maabara. Hapo ndipo panapopatikana ndiyo au hapana. Kuna hatari ya mimba kutoka, ndogo, chini ya moja katika 100 kwa mikono iliyozoea. Kwa mikono isiyozoea, sitaki kukisia. Huo ndio ushauri wangu kwa msomaji mwenye uwezo wa kulipia kile cha damu: kabla ya kutoa mkono, uliza ni nani atakayethibitisha jibu likija vibaya, na wapi. Asiyeweza kukujibu hilo anakuuzia hofu.

Nalo swali ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini: ukishajua, unafanya nini?

Denmark ilianza kuwapa wajawazito wote uchunguzi huu mwaka 2004, na katika muda mfupi watoto waliozaliwa na sindromu ya Down wakapungua kwa karibu nusu, kwa kuwa wazazi wengi waliopewa jibu waliamua kusitisha mimba. Tanzania hilo haliko mezani. Kanuni ya Adhabu, katika vifungu vya 150 hadi 152, inamhesabu mtoaji mimba kuwa mkosaji anayeweza kufungwa hadi miaka 14, na mwanamke mwenyewe hadi miaka saba; kifungu cha 230 kinamkinga daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa uhai wa mama. Kromosomu ya mtoto si sababu.

Ila hapa ni Tunduma. Vuka barabara, uko Zambia, ambako Sheria ya Kusitisha Mimba ya 1972 inaruhusu jambo hilo kwa sababu kadhaa, mojawapo ikiwa uwezekano mkubwa kwamba mtoto atazaliwa na ulemavu mzito wa mwili au akili, kwa sharti la kukubaliana madaktari watatu. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mstari huu. Wanaoana, wanazikana, wanabadilishana kwacha na shilingi kwenye kona zilezile. Mimba moja, ukoo mmoja, sheria mbili. Sisemi kuna msafara wa wajawazito unaovuka kwa ajili hiyo. Nakonde ni mji wa mpakani kama wetu, na Lusaka iko mbali na hapo karibu sawa na Dar es Salaam ilivyo mbali na hapa; sahihi tatu za madaktari hazipatikani kwenye kibanda cha kubadilishia fedha. Lakini siku uchunguzi huu utakapofika mkoani, mstari huo utakuwepo, na mshauri wa kliniki atakayejifanya hauoni hatakuwa anamsaidia mtu.

Mimi naona lipo jibu jingine la swali lile, nalo halihitaji sheria kubadilika. Linahitaji moyo, kwa maana ya moyo unaodunda.

Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na hitilafu ya moyo. Mojawapo inayowapata sana ni tundu kubwa katikati, pale vyumba vinne vinapokutana. Mtoto huyu hazaliwi wa bluu. Ananyonya akichoka, anatoka jasho kichwani, haongezeki uzito. Nyumbani wanasema ni mchovu tu, wengine wanasema degedege la ndani kwa ndani. Kwa kawaida hufaa kupasuliwa akiwa na miezi mitatu hadi sita. Akicheleweshwa, damu inayosukumwa kwa nguvu kwenye mapafu huiharibu mishipa yake, na hufika mahali upasuaji wenyewe ukawa hauwezekani tena. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza kazi rasmi mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili, hupasua mioyo ya watoto. Iko Dar es Salaam. Yaani kuna saa mbili zinazohesabu: ya kwanza huisha wiki ya 14 ya mimba, ya pili huisha mtoto akiwa na miezi sita, na iliyo muhimu zaidi kwa Songwe ni ya pili. Anayejua kabla, au siku ya kuzaa, ana muda wa kufika Mbeya, kufanyiwa kipimo cha moyo, kupata barua ya rufaa na kukusanya nauli ya kwenda Dar. Anayeambiwa mtoto akiwa na miaka mitatu hana.

Na wengi huambiwa wakati huo, kwa kuwa mtoto huyu hutambuliwa kwa kutazamwa: mwili mlegevu, macho yaliyopanda kwa pembeni, mstari mmoja ukikata kiganja, nafasi pana kati ya dole gumba la mguu na kinachofuata. Picha za vitabuni ambazo wauguzi wetu walifundishiwa zilikuwa kwa miaka mingi za watoto wa Kizungu. Mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa jenomu ya Marekani ilianzisha mkusanyiko wa picha za watoto wa mataifa mbalimbali, Afrika ikiwemo, kwa sababu hiyohiyo. Mkunga wa zamu ya usiku mjini Tunduma mwenye picha kumi za watoto wa Kiafrika ukutani ataokoa muda mwingi kuliko damu ya kupelekwa ng'ambo. Gharama yake ni karatasi.

Watu husahau pia kwamba maisha ya hawa yamerefuka. Marekani, mwaka 1983 mtu mwenye sindromu ya Down alitarajiwa kuishi miaka 25 hivi. Siku hizi ni karibu 60. Kromosomu zao hazikubadilika. Kilichobadilika ni upasuaji wa moyo, dawa, kutibiwa tezi la shingo, kupimwa masikio, na kutofungiwa ndani. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inawapa haki ya shule hapa kwetu, ingawa mzazi wa Mkwajuni au Itumba akitafuta mwalimu wa elimu maalumu jirani na nyumbani atafuta vumbi la njia nyingi.

Turudi kidogo kwenye zile wiki za mwanzo, kwa kuwa hapo kuna hasara nyingine isiyosemwa sana. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga siku ya 28 tangu mimba kutunga, mara nyingi kabla mama hajajua chochote. Usipofunga vizuri, anazaliwa na mgongo wazi, na wengi wao hupata kichwa kikubwa baadaye. Asidi ya foliki hupunguza sana hatari hiyo, mradi imeshaingia mwilini kabla ya mimba. Vidonge anavyopewa mama yetu katika wiki ya 19 vitamwongezea damu. Kwa mgongo wa mtoto vimechelewa miezi. Ndiyo maana serikali ilipitisha kanuni mwaka 2011 za kuongeza virutubishi, foliki ikiwemo, kwenye unga wa ngano na mahindi unaosagwa viwandani. Songwe ni ghala la mahindi. Watu wake wengi hawali unga wa kiwandani. Hubeba debe lao hadi mashine ya mtaani, wakasagiwa sembe au dona, wakaondoka na unga wa moto usioongezewa kitu. Mkoa unaolisha wengine mahindi ndio ambao kanuni ile inaupita pembeni.

Hili ni rahisi kulitatua kuliko kromosomu. Kuwapa vidonge vya foliki wanawake wanaoacha uzazi wa mpango ili wapate mtoto, pale pale dirishani wanapokuja kutoa kijiti, hakuhitaji maabara ya nje.

Kinachofungua milango yote hii ni kuja mapema, na kuja mapema kunagongana na desturi yenye busara yake. Mimba changa haitangazwi. Hutoka, na iliyotangazwa ikitoka huacha maneno. Mwanamke hukaa nayo kimya hadi ishike. Utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016 ulikuta mjamzito mmoja tu katika wanne ndiye aliyekwenda kliniki katika miezi mitatu ya kwanza. Hali imesogea tangu hapo, na si kwa jambo dogo: vifo vya kinamama vilishuka kutoka 556 katika kila vizazi hai 100,000 hadi 104 kufikia utafiti wa 2022. Taifa lililofanya hivyo linaweza kuwashawishi wanawake kwamba kumwambia nesi hakumaanishi kuutangazia mtaa. Ila lazima iwe kweli. Ukikaa kwenye benchi lililo mlangoni, shemeji yako akipita anakuona, umeshatangaza.

Mama yetu wa kufikirika bado yuko mbele ya nesi. Wiki ya 19 haina shingo ya kupima, lakini ina kitu kingine: kati ya wiki ya 18 na 22 mtoto ameshakua vya kutosha kuonekana kiungo kwa kiungo, na fundi mzuri wa altrasaundi anaweza kuhesabu vyumba vinne vya moyo, kuufuata mgongo kutoka juu hadi chini na kutazama kichwa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kila mjamzito apate walau picha moja kabla ya wiki ya 24. Nesi anazingatia ule umri wa miaka 41, anamwandikia karatasi ya kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Vwawa, na anamweleza kwamba wakiona jambo kwenye moyo watampeleka mbele, Mbeya, akajifungulie huko.

Mama anaikunja karatasi mara nne, anaifunga kwenye pindo la kanga pamoja na noti za mchele. Anafika mlangoni, anageuka.

“Nesi, hiyo picha itaonyesha kama ni wa kike? Maana wa kiume ninao wanne.”